Mlio wa Kesho ni Wetu

Uvira, 12 Mei 2024

Mjomba Protais,

Salamu kutoka Kavimvira. Natumaini wewe na mke wako mko wazima pale Kalemie, na kwamba masikio yako hayajazidi kuziba. Mpunga wa Luberizi tumeshavuna, si mwingi lakini tutakula. Kaka yangu Héritier bado anaendesha pikipiki kati ya Luvungi na Kamanyola, na mkewe amejifungua mtoto wa kike. Baba mkubwa Nizigama anasumbuliwa na magoti, ingawa mdomo wake wa kutoa amri haujaumwa hata siku moja. Anakusalimu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tangu mwezi wa nne kuna kiboko dume anayetoka ziwani alfajiri, pale pale wanawake wanapochota maji. Sikio lake la kushoto limepasuka, kwa hiyo hakuna anayemchanganya na wengine. Ameua. Ofisi ya jimbo imetoa ruhusa apigwe yeye peke yake, na kituo chetu cha walinzi wa wanyama kina bunduki moja tu ya kazi hiyo, ile ndefu yenye darubini juu. Lakini bunduki hiyo haipati kitu. Wenzangu wamemfyatulia mara kadhaa, na kila mara risasi imepasua maji au mchanga. Mkuu wetu, Jean-Berchmans, anasema imerogwa. Alimwita mchungaji akaiombea na kuipaka mafuta. Siku iliyofuata ikakosa tena, safari hii ikinukia vizuri.

Mkuu amesema tusipommaliza kabla ya mvua za mwezi wa kumi, atawaita askari waje na bunduki zao za kumwaga risasi. Wewe unaujua ufuko ule. Nyumba ziko hapo, mitumbwi iko hapo, watoto wanaoga hapo. Mimi ndiye mtunza ghala, ufunguo wa bunduki ninao mimi. Sitaki askari. Nataka risasi moja, na nataka niipige mimi. Nilipomwambia mkuu, alicheka mpaka akashika ukuta. “Weye Victoire, hii haiko mwiko ya bugali!” Nikamjibu kwamba hata mwiko wenyewe hajui kuushika.

Wewe ulibeba bunduki za darubini miaka yote katika mbuga za kusini. Niandikie namna ya kuifanya ipige pale darubini inapoonyesha. Niandikie kama unamwandikia mtu asiyejua kitu, maana sijui kitu. Na usinijibu kama wengine kwamba nitafute mume.

Mpwa wako,
Victoire

*

Kalemie, 2 Juni 2024

Victoire, binti ya dada yangu,

Barua yako imefika ikinuka samaki wa ndagala, kwa hiyo mashua iliyoileta naijua. Huku tuko. Mke wangu amepanda mihogo mpaka karibu na mlango, siku moja nitaamka nikute imeota kitandani. Masikio ndiyo yamekwisha kabisa. Wajukuu wananipigia kelele, nami nawajibu “amina”. Ndiyo maana nawakatalia simu. Kusikia sisikii, na zile herufi zake ndogo lazima nisomewe na mtu, nami mambo yangu sitaki yapite kwenye mdomo wa jirani. Msalimie Héritier, umwambie nimefurahi kwa mtoto.

Mbona Kankindi hakuandika? Tangu ujue kuandika, mama yako hajawahi kuiacha barua yako iondoke bila kuongeza mistari yake miwili chini ya kunigombeza. Mwambie nimeikosa. Nawe hukuniambia huyo kiboko ameua nani.

Haya, bunduki. Haijarogwa. Muulize Jean-Berchmans swali moja tu: kuna mtu kwenye kituo chenu aliyewahi kuifyatulia karatasi, akaona risasi inaangukia wapi? Darubini na mtutu ni vitu viwili vilivyofungwa pamoja kwa skrubu. Darubini inaangalia njia yake, mtutu unatuma risasi njia yake. Kazi unayoniuliza ni kuvifanya vikubaliane, kwenye umbali unaoujua. Hakuna dawa nyingine.

Anza hivi. Toa risasi zote, kisha chungulia kwa jicho lako mwenyewe uone kwamba hamna, hata kama mtu mkubwa amekuapia. Halafu shika darubini uitikise. Ikicheza hata kidogo, mchawi umempata. Kaza skrubu za pete zake kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, usimalize upande mmoja kwanza. Kisha angalia vile vifundo viwili vidogo, kimoja juu ya darubini, kimoja ubavuni. Cha juu kinapandisha na kushusha, cha ubavuni kinapeleka kulia na kushoto. Uliza ni nani anayevigusa.

Niandikie utakachokuta. Usifyatue bado. Na mume utafute ukitaka, mimi sina haraka.

Mjomba wako,
Protais

*

Uvira, 21 Juni 2024

Mjomba,

Salamu. Vumbi la kiangazi limeanza, sote tunakohoa. Mtoto wa Héritier anaitwa Chance, na analia kwa nguvu kiasi kwamba hata wewe ungesikia.

Mchawi nimempata! Darubini ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. Nilipowauliza wenzangu, nikagundua kwamba tangu bunduki ifike wanaibeba kwa kuishika darubini, maana imekaa juu kama mkono wa kikapu. Na kila inapokwenda Luberizi na kurudi, inafungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira, darubini ikiwa chini. Barabara ile unaijua. Nimekaza skrubu zote kama ulivyosema, na nimewaambia kwamba nitakayemkuta ameishika tena darubini, nitamshika yeye sikio.

Vile vifundo navyo ni hadithi. Kila mlinzi kabla ya zamu yake alivigeuza kidogo kwa ajili ya bahati. Libérat alinieleza bila aibu: “Minye nilizungusha mara mbili tu, kisha nikaomba.” Nikamuuliza alizungusha kuelekea wapi. “Kwenye roho ilinituma.”

Na karatasi? Hakuna aliyewahi. Hilo nalielewa, mjomba, nawe utalielewa. Hapa ukifyatua risasi moja asubuhi, nusu ya mtaa inafunga mizigo. Ukifyatua ya pili, wanawake wameshawabeba watoto mgongoni wanakimbilia mpaka wa Burundi. Ndiyo maana bunduki hii haijawahi kujaribiwa. Kila aliyeifyatua, alimfyatulia kiboko moja kwa moja, akakosa, akarudi kuomba.

Mkuu ameniagiza nirudishe ufunguo wa ghala. Sijarudisha. Nimemwambia aniandikie barua yenye muhuri. Najua muhuri wa kituo umepotea tangu mwaka jana, na yeye anajua kwamba najua.

Umeuliza kuhusu mama. Mama hawezi kuandika kwa sasa. Baba mkubwa Nizigama anasema magoti yakipona atapanda mashua aje mwenyewe Kalemie kukusalimu. Umeuliza pia kiboko ameua nani. Ameua wanawake waliokuwa wanachota maji.

Nifundishe sasa kufyatua.

Victoire

*

Kalemie, 19 Julai 2024

Victoire,

Salamu kwenu nyote. Mihogo inaendelea vizuri. Barua yako ilifika zamani. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nakaa nje nikitazama ziwa, na mke wangu akawa analeta chakula na kukirudisha.

Nizigama hajawahi kuvuka bandari ya Kalundu kwa hiari yake, hata kwa harusi. Sasa anataka kulala kwenye mashua na magoti yale ili aje kunisalimu. Mimi ni kiziwi, Victoire, si mjinga. Lakini sikuulizi tena. Kwetu jambo la namna hiyo huletwa na mtu mzima, kwa mdomo, ukiwa umekalishwa chini na watu wako karibu. Sitalia kwa sababu ya barua isiyosema. Mpaka niambiwe, dada yangu ninamhesabu kuwa mzima, na ninamsalimu: Kankindi, nakusalimu. Ukipata nguvu, andika mistari yako miwili.

Sasa tufanye kazi. Tafuta mahali penye ukuta mrefu wa udongo, udongo laini, si mwamba, na nyuma yake pasiwe na mtu wala njia. Jaza gunia pumba za mpunga, uliweke mezani, uilaze bunduki juu yake. Mti wa bunduki ulio chini ya mtutu ndio ulale kwenye gunia, mtutu usiguse kitu chochote. Chini ya kitako weka gunia jingine dogo. Bunduki ikae yenyewe bila wewe kuilazimisha, kazi yako iwe kuangalia tu.

Bandika karatasi yenye doa jeusi, mita ishirini na tano. Toa kile chuma cha nyuma kinachofunga risasi, uchungulie ndani ya mtutu kutoka nyuma. Sogeza bunduki mpaka ulione doa katikati ya mtutu. Hapo, bila kuitikisa, angalia kwenye darubini. Ule msalaba mdogo ulio kwenye kioo chake utakuwa umeangalia kwingine kabisa, labda mbinguni, kwenye roho ya huyo Libérat. Geuza vifundo mpaka msalaba nao uje kwenye doa. Hujatumia risasi hata moja, na tayari umefanya zaidi ya mchungaji.

Kisha fyatua tatu. Nimesema tatu, usiguse kifundo baada ya moja! Risasi moja inaweza kukudanganya: umepumua vibaya, umefumba jicho. Tatu zikikaa karibu karibu, hizo zinasema kweli hata kama ziko mbali na doa. Tafuta katikati ya matundu hayo matatu, na katikati hiyo ndiyo uipeleke kwenye doa. Kama kifundo chako ni kama vile nilivyotumia mimi, kila mlio mdogo kinapogeuka unasogeza risasi sentimita moja kwa mita mia. Kwa mita ishirini na tano unasogeza robo yake tu, kwa hiyo geuza mara nne zaidi. Zikishakuwa sawa, rudi nyuma mpaka mita mia, uanze tena tatu tatu. Ngoja mtutu upoe kila mara. Tumia risasi za aina moja, zile zile utakazompigia mnyama.

Weka jicho mbali na darubini, upana wa kiganja, la sivyo itakupasua nyusi. Kifyatulio kibonyeze polepole mpaka mlio ukushtue wewe mwenyewe. Na uzibe masikio. Mimi sikuziba, na leo sijui sauti ya mke wangu ikoje.

Kuhusu watu kukimbia, hilo siwezi kukufundisha. Huko ni kwenu.

Protais

*

Uvira, 18 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Salamu, na samahani kwa mwandiko. Jicho langu la kulia limevimba, utajua kwa nini.

Nilifikiri sana kuhusu watu kukimbia. Mwisho nikaona kwamba hawakimbii mlio, wanakimbia kwa sababu hawajui ni wa nani. Basi nikaenda kwa chefu wa mtaa. Nikaenda kambi ya askari, wakaniangalia kama kichaa, wakakubali. Jumapili padri alinipa nafasi baada ya misa, na mchana nikaazima kipaza sauti cha wauza dawa za panya, nikapita sokoni nikisema: “Kesho asubuhi mutasikia bunduki kule kwenye machimbo ya mawe. Mulio ya kesho iko yetu, ya walinzi. Hakuna vita. Musikimbie.” Mama mmoja akanikamata mkono: “Mwanangu, maisha yangu yote sijasikia muntu anatangaza risasi mbele.” Nikamwambia nami sijasikia.

Hakuna aliyekimbia. Walikuja kutazama! Ukingo mzima wa juu wa machimbo ulijaa watu, hadi wauza mandazi. Ilibidi nikatae kuanza mpaka wote wahamie nyuma yangu. Jean-Berchmans alisimama mbele yao, amekunja mikono, akingoja nishindwe.

Na nilikaribia kushindwa. Ya kwanza ilikwenda juu kushoto, na watu wakasema “aaah”. Ile “aaah” ndiyo iliyoniharibu. Nikageuza kifundo papo hapo. Ya pili ikaenda kulia. Nikageuza tena. Ya tatu ikatoka nje ya karatasi, na nilikuwa nimesogeza uso mbele kwa hasira, darubini ikanipiga hapa juu ya jicho. Damu ikatiririka mpaka shingoni. Mkuu akasema kwa sauti ya kusikika: “Mulete hiyo bunduki, muiweke kwa ghala. Mwanamuke ameonyesha.”

Nikafunga nyusi kwa kitambaa cha kichwa. Nikamwambia, mbele ya mtaa wote, kwamba mwenye kuitaka bunduki aje aichukue mikononi mwangu. Hakuja. Nikakaa chini, nikangoja mtutu upoe, nikasoma barua yako yote kimya kimya. Kisha nikachungulia mtutu upya na kuanza mwanzo.

Fyatua, ngoja. Fyatua, ngoja. Fyatua. Sikugusa kitu. Matundu matatu, chini kidogo na kulia, yamekaa pamoja kama watoto wa kitanda kimoja. Hapo nililia, mjomba, sijui kwa nini, na jicho likaniuma zaidi. Nikahesabu, nikageuza, tatu nyingine zikala doa. Tukasogea mpaka mita mia, na jua lilipokuwa kali, matundu ya mwisho niliyafunika yote kwa kiganja. Watu walipiga vigelegele. Libérat akaniuliza niliombea nini.

Mkuu aligeuka akaenda zake. Jioni alinitumia neno kwamba amri haijabadilika: nirudishe ufunguo, na kabla ya mvua za mwezi wa kumi askari wataitwa. Nimemrudishia mjumbe wake na neno moja. Hapana.

Victoire

*

Kalemie, 1 Septemba 2024

Victoire,

Hatujambo. Nimecheka kwa ajili ya wauza mandazi mpaka mke wangu akaja kuona kuna nini. Nyusi itapona, sisi wote tunayo hiyo alama.

Naandika kwa haraka, mashua inaondoka. Karatasi haina hasira na wewe, wala wewe huna hasira nayo. Mnyama ni kitu kingine, hasa huyu. Sisemi zaidi. Asubuhi utakayoamka unamchukia, acha bunduki ghalani. Chuki inavuta kidole, na kidole kikivutwa, kazi yako yote ya machimboni imekuwa bure.

Jambo la pili ni kubwa kuliko yote. Usimpige akiwa majini, wala maji yakiwa nyuma yake. Risasi ikigusa maji kwa ulalo inaruka, inaendelea na safari mpaka kwenye mtumbwi wa mtu. Ngoja apande nchi kavu, na nyuma yake pawe na udongo. Hata wakikupigia kelele. Hata akiondoka zake. Huo ndio ubaya wa askari mnaowangoja: wao hawatangoja.

Mimi bado nasubiri magoti ya Nizigama. Kankindi, nakusalimu.

Protais

*

Uvira, 15 Septemba 2024

Mjomba Protais,

Salamu kwako na kwa mke wako. Hapa wote ni wazima. Chance ameanza kukaa.

Nimempiga.

Asubuhi za kwanza alitoka na kusimama kwenye maji ya magoti, sikio lake lile likining’inia, amenipa ubavu wote. Msalaba wa darubini ulikuwa juu yake kabisa. Jean-Berchmans alikuwa nyuma yangu akinong’ona, kisha akipiga kelele: “Piga! Unangoja nini? Piga!” Nyuma ya mnyama kulikuwa na ziwa, na juu ya ziwa kulikuwa na mitumbwi ya wavuvi inarudi. Nikatoa risasi, nikaiweka mfukoni. Mkuu akaniita mwoga mbele ya watu. Nikamwambia aniite anavyotaka, lakini risasi yangu haiendi nisipoiona mwisho wake. Asubuhi nyingine sikwenda kabisa. Niliamka namchukia, nikakaa nyumbani nikatwanga majani ya sombe mpaka mchi ukanichubua.

Alhamisi alipanda. Alifuata majani mpaka chini ya ule ukingo mrefu wa udongo mwekundu, akageuka upande. Nilikuwa nimelaza bunduki kwenye gunia la pumba. Nilibonyeza polepole, mlio ukanishtua. Alianguka pale pale, hakupiga hata mguu. Mtaa haukukimbia. Walikuwa wameambiwa.

Jean-Berchmans alimzunguka yule mnyama kwa muda mrefu. Kisha akaja, akaichukua bunduki kwa mkanda wake, si kwa darubini, akaibeba mwenyewe mpaka ghalani na kunisubiri nifungue. Ameshawaambia askari wasije. Kuniomba radhi hakuniomba, na mimi sikumngoja.

Nyama waligawana watu. Mimi sikula. Nilidhani nitafurahi, mjomba. Nilisimama pale na chuki yangu, na haikuwa tena na pa kwenda.

Sasa la mwisho. Jana nilimwendea baba mkubwa Nizigama nikamwambia nakuandikia. Akanikataza. “Kifo haiandikwe kwa karatasi. Utamuua ule muzee. Ungoje magoti yangu.” Wazee wote waliokuwepo wakaitika. Nikawaambia magoti hayo hayataona Kalemie, na kwamba wamekuacha miezi yote hii peke yako, unamsalimu mtu asiyekuwepo, kwa sababu ya heshima yao. Nikawaambia mtu aliyenifundisha kungoja sitamngojesha zaidi. Wamesema hawatanipa mkono. Wasinipe.

Kwa hiyo kaa chini. Mwite mke wako akae karibu nawe, umpe mkono wako aushike, ndipo usome mstari unaofuata.

Dada yako Kankindi, mama yangu, aliuawa na yule kiboko asubuhi ya tarehe ishirini na nane mwezi wa nne, akichota maji. Tulimzika Luberizi, karibu na bibi. Sasa umeambiwa, mjomba, na aliyekuambia ni mtu mzima.

Lia.

Mwanao,
Victoire